JICHO LISILONG'OLEWA
Namna mionzi ilivyobadili matibabu ya saratani ya macho, na kwa nini kuja mapema ndiko kunakookoa

Tarehe 10 Julai, 1924, katika mji wa Paris, vijana wa mataifa mbalimbali walijipanga kwa mbio za mita 1,500 za Michezo ya Olimpiki. Mshindi alikuwa Paavo Nurmi wa Finland, ambaye jina lake lilienea ulimwenguni kote. Wa tatu alikuwa kijana wa Kiingereza, Henry Stallard. Yeye alikimbia hali mguu wake umeumia, na siku mbili kabla ya hapo alikuwa amekwisha kimbia fainali ya mita 800 akawa wa nne. Alipewa nishani ya shaba.

Watu wa Kenya, ambao kwao mbio ni jambo la fahari, huenda wakastaajabu kusikia kwamba mtu huyo hakumbukwi sana kwa miguu yake. Madaktari wa macho wa nchi nyingi humkumbuka kwa kisahani kidogo cha madini. Kisahani hicho kilishonwa juu ya jicho la mgonjwa wa saratani, kikaachwa hapo kwa siku chache, kisha kikaondolewa. Wakati kilipokuwa pale kilitoa mionzi isiyoonekana kwa macho, nayo ikaushambulia uvimbe uliokuwa ndani ya jicho, na jicho lenyewe likabaki mahali pake.

Kabla ya siku zile mtu mwenye uvimbe wa namna hiyo alikuwa na njia moja tu, nayo ni kung'olewa jicho. Habari ya namna mionzi ilivyoingia katika kazi hii ni habari ya matumaini. Walakini ni habari ya tahadhari pia, kwa maana mionzi ni kama moto wa jikoni: hupika chakula cha nyumba, na huiteketeza nyumba ukiachwa bila ya kuangaliwa.

UGONJWA WENYEWE

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, zisizohesabika. Kila chembe huzaliwa, hufanya kazi yake, hugawanyika kwa kiasi, na hufa kwa wakati wake. Saratani, ambayo wengine huiita kansa, huanza pale chembe moja inapoacha utaratibu huo ikagawanyika bila ya kikomo. Huwa kama gugu katika shamba la mahindi: hunyonya chakula cha wengine, husonga, na mwisho hutupa mbegu zake katika mashamba ya jirani.

Katika jicho magugu hayo ni ya namna nyingi, lakini matatu yafaa kujulikana zaidi.

La kwanza huwapata watoto wadogo, hasa walio chini ya umri wa miaka mitano. Huitwa retinoblastoma, nalo huota katika retina, yaani ule utando mwembamba ulio nyuma ya jicho unaopokea nuru na kupeleka habari zake kwenye ubongo. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya na kutangazwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba ugonjwa huu humpata mtoto mmoja hivi katika kila watoto 17,000 wanaozaliwa.

La pili huwapata watu wazima. Jina lake ni melanoma, nalo hutokana na chembe zinazotia rangi ndani ya jicho. Katika Ulaya na Marekani huonekana kwa watu watano au sita katika kila milioni moja kwa mwaka. Kwa Waafrika ni ugonjwa wa nadra sana.

La tatu huota juu ya jicho, katika utando wa nje unaofunika sehemu nyeupe. Hili ndilo linaloonekana zaidi kwa watu wazima wa Afrika ya Mashariki kuliko wa nchi za baridi. Miongoni mwa sababu zake ni jua kali linalopiga macho kwa miaka mingi, na upungufu wa kinga mwilini unaoletwa na virusi vya Ukimwi.

MAMBO MATATU KWA UTARATIBU WAKE

Daktari anayetibu saratani ya jicho ana mambo matatu ya kulinda. La kwanza ni uhai wa mgonjwa. La pili ni jicho lenyewe. La tatu ni uwezo wa kuona. Utaratibu huo haupinduliwi. Hakuna faida ya kuhifadhi jicho zuri katika mwili utakaokufa, na jicho lisiloona tena laweza kuwa gharama halali ya maisha marefu.

Kwa zaidi ya miaka mia moja madaktari walilinda jambo la kwanza kwa kutoa sadaka ya pili na ya tatu. James Wardrop, tabibu wa Scotland, aliandika mwaka 1809 kuhusu uvimbe huu wa watoto, akashauri kwamba jicho litolewe mapema kabla ya ugonjwa kutoka nje yake. Shauri hilo lilionekana la kikatili katika siku ambazo dawa ya usingizi ilikuwa haijajulikana. Hata hivyo lilikuwa shauri la kweli, na hata leo watoto wengi huokolewa kwa njia hiyo hiyo.

Swali gumu lilibaki kwa mtoto mwenye uvimbe katika macho yote mawili, na kwa mtu mzima ambaye jicho lake la pili lilikuwa limekwisha pofuka kwa sababu nyingine. Je, hao nao wang'olewe, wakae gizani maisha yao yote?

NURU ISIYOONEKANA

Jibu lilianza kutoka mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua mionzi ya eksrei, iliyoweza kupita katika nyama na kuonyesha mifupa. Mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre, katika Paris, walitangaza madini mapya ya radiamu, yenye kutoa mionzi yenyewe usiku na mchana bila ya mashine yoyote.

Haukupita muda mrefu kabla ya watu kuona kwamba mionzi hiyo huunguza ngozi. Madaktari wakafikiri: kitu kinachodhuru chembe zilizo hai, je, hakiwezi kudhuru chembe za saratani? Mwaka 1903 Daktari H. L. Hilgartner wa Austin, katika jimbo la Texas, alitoa taarifa ya mtoto aliyetibiwa uvimbe wa jicho kwa eksrei.

Ni vyema kufahamu namna mionzi inavyofanya kazi, maana wengi hudhani kwamba huuchoma uvimbe kama makaa. Sivyo. Mionzi huingia ndani ya chembe na kukatakata nyuzi nyembamba zinazobeba maagizo ya urithi, yale yanayoiambia chembe namna ya kujigawa. Chembe ya saratani iliyopata dhara hilo hufanana na mbegu ya maharagwe iliyochemshwa. Kwa macho bado ni mbegu, lakini ukiipanda haioti. Ndiyo sababu uvimbe uliotibiwa hautoweki siku ile ile. Husinyaa polepole kwa miezi mingi, na mara nyingi huacha kovu.

Chembe nzima nazo hudhurika, ila nyingi huweza kujitengeneza zaidi kuliko zile zilizoasi. Ustadi wote wa kazi hii basi ni mmoja: kuupa uvimbe mionzi mingi, na kuzipa sehemu nyingine za jicho mionzi michache iwezekanavyo. Na jicho ni dogo. Upana wake ni milimita 24 hivi, na ndani yake mna lenzi, retina na mshipa mkubwa wa fahamu, vyote vikiwa karibu karibu kama nyumba za mtaa mmoja wa mjini.

KISAHANI CHA STALLARD

Katika London, katika Hospitali ya St Bartholomew, alikuwako daktari wa macho aliyeitwa Foster Moore. Yeye alichukua gesi ya radoni, itokayo katika radiamu, ikiwa imefungwa ndani ya punje ndogo, akazipachika punje hizo katika uvimbe wa jicho. Taarifa yake aliitoa mwaka 1930. Nguvu ya radoni hupungua hata kufika nusu kwa muda wa siku nne kasoro, basi kila mgonjwa alihitaji punje mpya.

Stallard, yule mkimbiaji, alikuwa amejifunza udaktari katika hospitali hiyo hiyo, naye akaiendeleza kazi ya mkubwa wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mitambo ya atomiki ilianza kutengeneza madini ya kobalti yenye kutoa mionzi. Nguvu ya kobalti hiyo hufika nusu baada ya miaka mitano na zaidi kidogo, kwa hiyo kifaa kimoja kiliweza kutumika kwa wagonjwa wengi. Stallard aliagiza vitengenezwe visahani vilivyopindwa kufuata mviringo wa jicho, vya ukubwa mbalimbali. Vingine vilikatwa upande mmoja ili viweze kukaa karibu na mshipa wa fahamu bila ya kuugandamiza.

Matibabu yalikwenda hivi, na mpaka leo msingi wake haujabadilika. Mgonjwa hulazwa usingizi. Daktari hufungua utando wa nje, huutafuta uvimbe, na kuuwekea alama upande wa nje wa jicho. Kisha hukishona kisahani kwa uzi juu ya sehemu nyeupe, mahali panapoelekeana kabisa na uvimbe. Nguvu ya mionzi hupungua upesi kila inapokwenda mbali, basi uvimbe ulio chini ya kisahani hupata kipimo kikubwa, na upande wa pili wa jicho hupata kidogo. Baada ya siku kadhaa, ambazo huhesabiwa kwa uangalifu na wataalamu wa fizikia, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji na kisahani huondolewa. Wakati kikiwa jichoni, wanaokuja kumtazama hawaruhusiwi kukaa naye kwa muda mrefu, na wajawazito na watoto huzuiwa.

Baadaye kobalti iliachwa, kwa sababu mionzi yake ina nguvu nyingi mno, nayo ilipenya mpaka sehemu nzima za jicho na kuwafikia hata wauguzi. Katika miaka ya 1960 Daktari Peter Lommatzsch wa Berlin ya Mashariki alianza kutumia rutheni, ambayo mionzi yake huishia milimita chache tu, nayo yafaa kwa uvimbe usio mnene. Huko Marekani wakachagua iodini 125. Mionzi yake ni dhaifu, na bamba jembamba la dhahabu lililo mgongoni mwa kisahani huweza kuizuia isitoke upande wa nyuma.

SHAKA YA WAKUBWA

Hata hivyo wakubwa wengi wa udaktari hawakuridhika. Walisema: kumwachia mtu jicho lenye saratani ni kucheza na maisha yake. Kwa upande mwingine, mwaka 1978 Daktari Lorenz Zimmerman na wenzake wa Marekani waliuliza swali lililowashtua wengi: je, huenda tendo lenyewe la kung'oa jicho ndilo linalotawanya chembe za ugonjwa mwilini?

Pande zote mbili zilikuwa na hoja, lakini hoja peke yake haikati neno. Ikaamuliwa ufanywe uchunguzi mkubwa katika vituo vya Marekani na Kanada. Kati ya mwaka 1987 na 1998 wagonjwa 1,317 wenye melanoma ya ukubwa wa kadiri walikubali kugawanywa kwa njia kama ya kupiga kura, si kwa kuchaguliwa na daktari. Wagonjwa 660 walitolewa jicho, na 657 waliwekewa kisahani cha iodini. Sababu ya kura hiyo ni kuzuia upendeleo, ili wasije wale wenye afya nzuri wakawekwa upande mmoja na walio hoi upande wa pili.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2001. Baada ya miaka mitano, wagonjwa 81 katika kila 100 waliotolewa jicho walikuwa hai. Katika wale waliowekewa kisahani, walikuwa 82 katika kila 100. Yaani hapakuwa na tofauti. Aliyebaki na jicho lake hakulipia kwa uhai wake, na aliyetolewa jicho hakuwa ametawanyiwa ugonjwa kwa sababu ya kutolewa.

Kwa wagonjwa wa siku zile neno hilo lilikuwa kubwa, lakini uchunguzi huo haukuficha upande wa pili. Katika kila macho 100 yaliyotibiwa kwa kisahani, 12 au 13 yalilazimika kutolewa baadaye katika miaka mitano ya kwanza, ama kwa kuwa uvimbe ulirudi, ama kwa maumivu na madhara mengine. Na baada ya miaka mitatu, macho 43 katika kila 100 yalikuwa yamepungukiwa na nuru kiasi kwamba yaliyaona kwa umbali wa futi 20 mambo ambayo mtu mzima wa macho huyaona kwa umbali wa futi 200, au hayakufikia hata hapo. Mionzi ililihifadhi jicho, lakini haikuahidi kuona. Baadhi hupata mtoto wa jicho, wengine mishipa midogo ya damu katika retina huharibika miezi au miaka baada ya matibabu.

MGONJWA ALIYEANDIKA HABARI ZAKE

Mfano unaojulikana ni wa Oliver Sacks, daktari wa magonjwa ya ubongo na mwandishi mashuhuri aliyeishi New York. Mwishoni mwa mwaka 2005 aligundua kwamba jicho lake la kulia haliko sawa, na akaambiwa lina melanoma. Alitibiwa kwa mionzi, na katika kitabu chake cha mwaka 2010 alieleza bila ya kuficha hofu yake, na namna alivyoipoteza nuru ya jicho lile hatua kwa hatua. Hata hivyo aliendelea kutibu watu, kuandika vitabu na kuogelea. Mapema mwaka 2015 ugonjwa ulionekana katika ini lake, na tarehe 30 Agosti ya mwaka huo akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 82.

Habari hiyo ina mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba alipata karibu miaka kumi ya kazi baada ya ugonjwa. La pili ni kwamba melanoma ya jicho huweza kurusha mbegu zake kwenye ini kabla mtu hajajua kuwa anaumwa, na mbegu hizo hukaa kimya kwa miaka. Karibu nusu ya wagonjwa mwishowe hupatwa na jambo hilo, hata kama jicho limetibiwa barabara. Kwa hiyo mgonjwa aliyepona jicho hana budi kurudi kwa daktari kila baada ya muda aliowekewa.

Zaidi ya kisahani iko njia nyingine, ya kurusha protoni, yaani vijisehemu vidogo vya atomi, kutoka katika mtambo mkubwa. Njia hii ilianza kutumika kwa melanoma ya jicho katika Boston mwaka 1975. Sifa ya protoni ni kwamba husafiri mpaka kina kilichopangwa, zikamaliza nguvu zake hapo, zisiendelee mbele. Katika vituo vyenye ujuzi uvimbe hutulizwa kwa zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. Lakini mitambo hiyo ni ya gharama kubwa mno, na nchi zilizo nayo ni chache.

MTOTO SI MTU MZIMA MDOGO

Sasa yafaa kurudi kwa watoto, maana hapo ndipo mionzi ilipotoa funzo chungu.

Kwa miaka mingi ya karne ya ishirini watoto wenye retinoblastoma katika macho yote mawili walipigwa mionzi kutoka nje, kupitia ubavuni mwa kichwa. Macho mengi yaliokoka, na watoto wengi wakakua wakisoma na kuandika ambao wangalikuwa vipofu. Lakini miaka ilipopita, baadhi yao walirudi hospitalini wakiwa vijana, wakiwa na saratani nyingine katika mifupa ya uso au katika nyama zilizo karibu na jicho.

Sababu yake ilifahamika polepole. Mwaka 1971 Daktari Alfred Knudson wa Marekani alieleza kwamba ugonjwa huu hutokea chembe inapopata madhara mawili, moja baada ya jingine. Watoto wengine huzaliwa na dhara la kwanza katika kila chembe ya mwili wao, hata lisalie moja tu. Mwaka 1986 urithi wenyewe, yaani jeni inayohusika, ulipatikana. Kumpiga mionzi mtoto wa namna hiyo ni kama kuwasha kiberiti katika nyumba iliyomwagwa mafuta. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2005 uliofuata habari za wagonjwa zaidi ya 1,600 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye ugonjwa wa urithi, 36 hupata saratani nyingine katika muda wa miaka 50. Kwa wale wasio na ugonjwa wa urithi ni sita hivi. Na waliopigwa mionzi walikuwa katika hatari iliyozidi.

Kwa hiyo tangu miaka ya 1990 madaktari wamepunguza sana mionzi ya kutoka nje kwa watoto hawa. Sasa huanza kwa dawa kali zinazopitishwa katika mishipa ya damu ili kusinyaza uvimbe, kisha mabaki yake huchomwa kwa leza au kugandishwa kwa baridi kali. Kisahani bado hutumika kwa uvimbe mdogo uliobaki, kwa kuwa mionzi yake haiendi mbali. Na pale jicho lilipokwisha haribika, hutolewa bila ya kusitasita. Mtoto huwekewa jicho la bandia, akaenda shule na kucheza na wenzake.

Kwa sababu ya urithi huo, mzazi aliyewahi kuugua macho yote mawili ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto wake. Watoto wa nyumba hiyo hawana budi kutazamwa macho tangu siku za kwanza za maisha yao.

SAA YA KUJA

Yote yaliyosemwa, kisahani, dawa na leza, husimama juu ya jambo moja, nalo ni kuja mapema.

Mwaka 2020 ulitangazwa uchunguzi wa watoto 4,351 wa nchi 153, waliofika hospitalini kwa retinoblastoma katika mwaka 2017. Katika nchi tajiri nusu ya watoto waligunduliwa kabla ya kupita miezi 14 hivi ya umri. Katika nchi maskini nusu yao walikuwa wamekwisha pita miezi 30. Katika nchi tajiri watoto ambao ugonjwa ulikuwa umekwisha toka nje ya jicho hawakufika wawili katika kila 100. Katika nchi maskini walikuwa 49. Ugonjwa ni ule ule, na watoto ni wale wale. Tofauti ni miezi iliyopotea nyumbani, njiani, na katika kupelekwa kutoka zahanati moja hadi nyingine.

Dalili ya kwanza haihitaji mashine. Mboni ya jicho, yaani lile doa jeusi la katikati, huonekana jeupe au yenye kung'aa kama jicho la paka usiku. Mara nyingi mama ndiye huiona kwanza, jioni wakati wa kunyonyesha, au katika picha iliyopigwa kwa taa ya kamera, ambapo jicho moja huonekana jekundu na la pili jeupe. Dalili ya pili ni makengeza yanayoanza ghafula. Mtoto huwa hana homa, halii, wala hakatai chakula, na ndiyo sababu wengi husema, "Tungoje kwanza." Kungoja huko ndiko kunakoua. Kadhalika wako wanaotia majani au dawa za kienyeji jichoni kwa wiki nyingi. Dawa hizo haziwezi kuufikia uvimbe ulio nyuma ya jicho, na siku zinazopita hazirudi.

Kwa mtu mzima afanyaye kazi juani, kinundu au kidonda katika sehemu nyeupe ya jicho kinachokua, chenye mishipa mingi ya damu au madoa meupe, kisidharauliwe kama vumbi. Kwa ugonjwa huo upasuaji mdogo hutosha ukifanywa mapema. Mwaka 2016 Daktari Stephen Gichuhi wa Kenya na wenzake walitangaza kazi yao iliyofanywa katika vituo vinne vya nchi hiyo. Waliwapa wagonjwa matone ya dawa iitwayo fluorourasili kwa wiki nne baada ya upasuaji. Katika mwaka mmoja, ugonjwa uliwarudia wagonjwa 11 katika kila 100 waliopata dawa, na 36 katika kila 100 waliopata matone yasiyo na dawa. Kumbe hata hapa Afrika ya Mashariki yawezekana kuongeza elimu ya dunia nzima kwa chupa ndogo ya matone.

Mzazi aonaye mboni nyeupe na ampeleke mtoto kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo, wala asikubali kurudishwa nyumbani kabla jicho halijatazamwa kwa taa, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa. Katika Kenya watoto wa namna hii hutibiwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na katika hospitali ya Kikuyu, miongoni mwa nyingine. Nauli ni taabu, na kazi ya shamba haingoji, lakini shamba lililokosa palizi wiki moja laweza kupaliliwa wiki ijayo.

Stallard alifariki mwaka 1973. Visahani vyake vya kobalti vimekwisha wekwa kando, na vingine bora vimeshika mahali pake. Mionzi imejifunza kukaa ndani ya mipaka yake, na madaktari wamejifunza wakati wa kuitumia na wakati wa kuiacha. Lililobaki haliko mikononi mwa madaktari. Liko kwa mama anayemtazama mwanawe usoni jioni, akaona nuru isiyo ya kawaida, na asubuhi yake akafunga safari.